Kipupwe, Kikohozi na Foleni ya Dharura

Wenzangu, baridi ya Mbeya imeshaingia. Juni hadi Agosti hosteli nzima inakohoa. Mimi nasoma udaktari, na zamu zangu za kitengo cha dharura zimenionyesha jambo moja: wenye mafua ya kawaida huwahi, waliobanwa kweli huchelewa.

Kwa nini kipupwe? Baridi yenyewe haizai virusi. Sisi ndio tunafunga madirisha, tunajazana chumba kimoja, na anayekohoa anatugawia wote. Majumbani jiko la mkaa linaingizwa ndani. Moshi unawasha njia za hewa, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kubanwa.

Sasa foleni. Pale dharura haiangaliwi nani kafika mwanzo. Nesi anahesabu pumzi na mapigo ya moyo, anapima oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni, halafu aliyezidiwa anatangulia. Ukienda na mafua tu utakaa sana, tena benchi moja na wanaokohoa. Mafua ni virusi, na antibaiotiki haiui virusi. Pumzika, kunywa maji ya kutosha. Usipopata nafuu nenda zahanati ya chuo. Kikohozi kikifika wiki 2, kapime kifua kikuu.

Nani akimbizwe? Mtoto mwenye kikohozi, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Akifika hapo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au akipata degedege, msisubiri kuche. Mtu mzima ambaye hamalizi sentensi kwa pumzi moja, midomo imebadilika rangi au amechanganyikiwa, naye ni wa kukimbizwa. Mwenye pumu avute inhela yake ya kufungua kifua huku usafiri unatafutwa.

Ninaowahofia zaidi ni wenye pumu wanaoficha inhela kwa aibu. Kama unalala chumba kimoja na mmoja wao, muulize leo anaiweka wapi. Saa nane usiku, kifua kikishabana, hataweza kukuambia.