SOMO LA USEREMALA: Msumeno wa kukatia mkia wa njiwa wa kusukuma



Kabati lililopigiliwa misumari hulegea, na ukiling'oa mbao hupasuka. Kiungo cha mkia wa njiwa hakihitaji msumari. Ncha ya rafu huchongwa ulimi wenye umbo la mkia wa njiwa, mwembamba shingoni na mpana mwishoni. Ulimi huo husukumwa ndani ya mfereji uliokatwa kwenye ubao wa ubavuni. Usipotia gundi, siku ya kurudi nyumbani utachomoa rafu na kufunga mbao zote kuwa mzigo mmoja.

Lakini mfereji ukizidi upana, kiungo hucheza na ubao umepotea bure. Kwa hiyo, kabla ya kununua au kuazima msumeno, angalia mambo haya:

1. Meno. Mfereji huu hukingama nyuzi za mti. Chagua msumeno wa kukatia, si wa kupasulia, wenye meno madogo, 12 hadi 15 kwa inchi. Meno makubwa huchana nyuzi.

2. Mgongo. Chuma au shaba mgongoni huzuia bapa lisipinde. Mfereji una kina cha theluthi moja tu ya unene wa ubao, hivyo mgongo hautakuzuia.

3. Urefu. Bapa lizidi upana wa ubao. Kwa ubao wa sm 20 tumia msumeno wa sm 30. Mpini hautagonga ubao.

4. Upana wa njia. Kata kidogo kwenye kipande kibovu. Njia ikiwa pana sana kuliko bapa, meno yametanuliwa mno.

5. Unyofu. Funga jicho moja, tazama safu ya meno. Bapa lililopinda usilichukue, hata kwa bei ndogo.

Jinsi ya kukata: Piga randa ubavu wa kipande cha mti uiname 1 kwa 6 kwa mti laini, 1 kwa 8 kwa mti mgumu. Kibane kwenye mstari, egemeza msumeno, kata polepole hadi alama ya kina. Fanya hivyo upande wa pili, kisha toa katikati kwa patasi. Kipande hicho hicho kikuongoze kuchonga ulimi.

Kumbuka: jaribu kwanza kwenye mabaki. Mbao ni chache, na ubao uliokatwa vibaya haurudi.