Kodi ya Majengo na Kodi ya Bidhaa: Ipi Yenye Haki Zaidi?

Mkazi anunuapo sabuni ya kiwandani kwa shilingi 2,360, shilingi 360 kati ya hizo huwa ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, ya asilimia 18. Kibarua na tajiri hulipa kiasi kilekile, ila kwa kibarua ni sehemu kubwa zaidi ya kipato. Ndiyo maana mahindi na maharage yasiyosindikwa yamesamehewa.

Kodi ya majengo humfuata mwenye mali. Kwa hilo ina haki zaidi. Hata hivyo, kiwango cha shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida hakitenganishi kibanda cha vyumba viwili na jumba la kifahari lisilo na ghorofa.

Tena, tangu mwaka 2021 kodi hii hukatwa kupitia LUKU, sasa shilingi 1,500 kila mwezi. Hivyo mpangaji anunuaye umeme ndiye hutangulia kulipa, ilhali mdaiwa kisheria ni mmiliki. Mpangaji atunze risiti zake za LUKU, kisha akubaliane na mwenye nyumba ili makato hayo yapunguzwe katika kodi ya pango.