Kifaru cha Kula Sambaza: Mafunzo Niliyopata kwa Kubuni Maboresho Yasiyokuwepo

Kampuni ya Wargaming, iliyoanzia Minsk mwaka 1998, ilitoa World of Tanks kwa kompyuta mwaka 2010. Mwaka 2014 ikaleta ya simu, World of Tanks Blitz: vifaru saba kwa saba, dakika saba, mshindi anajulikana. Hiyo ya simu ndiyo iliyofika kibarazani kwangu Kamembe, Rwanda, ninapotengeneza simu. Vijana wanaoicheza hapo jioni wananiita yaya, maana nimewazidi umri, na mimi ndiye mwenye umeme.

Mega za intaneti zikiisha, tunafungua daftari. Humo tunaandika maboresho ambayo gemu haina na huenda isiwe nayo kamwe. Mega zikipatikana tunaingia chumba cha mazoezi, watu tunaojuana tu, na boresho linatekelezwa kwa ahadi: gemu haijui lolote, lakini mwenye kifaru amekubali sheria na anaitii. Kubuni kitu cha kuchekesha ni kazi yenye kanuni. Hizi ndizo nilizozipata.

1. Nguvu isiyolipiwa haichekeshi

Kila mgeni wa daftari huanza vilevile: mzinga unaoua kwa pigo moja, deraya isiyotoboka, kifaru kinachoruka. Tunaandika, hakuna anayecheka, tunafungua ukurasa mwingine.

Kicheko cha kwanza cha kweli kililetwa na Maus, na kifaru hicho hakikubuniwa na sisi. Wajerumani walikijenga katika Vita vya Pili vya Dunia: tani 188, na viwili tu vilivyowahi kuundwa. Uzito ule haukuwa na daraja la kuubeba, kwa hiyo wahandisi walipanga kitembee chini ya mto. Kwa kuwa minyororo yake ilizungushwa na mota za umeme, kingine kingebaki ukingoni kukipelekea umeme kwa waya mrefu, kisha vibadilishane zamu. Nilipowaeleza vijana hayo walidhani ninatunga.

Basi tukakileta Maus kwenye daraja letu la mpakani, Rusizi ya Kwanza. Boresho likaitwa Kuvusha kwa Vipande: kifaru kinafunguliwa, deraya inagawanywa, wabebaji wanaichukua vichwani kama wanavyobeba mizigo mingine yote pale, na ng'ambo kinafungwa upya. Faida ni kwamba Maus imevuka mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Bei ni kwamba wakati wote wa kuvusha kifaru ni askari sita waliokaa kwenye viti, hawana ukuta wala paa, na mbebaji wa mwisho, mwenye mlango wa mnara, amesimama kusalimiana na shemeji yake.

Tangu hapo kila ukurasa una safu mbili: linachoongeza, linachotoza. Safu ya pili ikiwa tupu tunalifuta.

2. Anza na tumbo

Hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine, kwa sababu gemu yenyewe imetufungulia mlango. Katika World of Tanks askari wa kifaru wanaongezewa ustadi kwa chakula cha kwao. Wajerumani wana chokoleti, Wamarekani kreti la kola, Waingereza pudingi na chai, Wafaransa kahawa kali, Wajapani onigiri. Waliotunga gemu walifikiri askari aliyekula vizuri anapakia mzinga upesi, nao hawakukosea. Nilipoiona orodha hiyo nilitafuta chakula chetu, nacho hakikuwemo. Tukakiandika.

Sambaza za kukaanga zilitangulia, na ilikuwa lazima. Samaki hao wadogo waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo huwezi kuzungumza juu ya ziwa hili bila wao. Katika daftari sambaza zinamfanya mpigaji kulenga kwa haraka, kwa sababu mtu aliyezoea kuchagua sambaza moja moja kwenye sahani ana jicho na kidole vinavyoelewana. Bei yake ni harufu. Gemu ina sheria kwamba kifaru kikifika ndani ya mita 50 kinaonekana, hata kama kimejificha nyuma ya ukuta. Chenye sambaza kinaonekana kwa mita 100, na upepo ukitoka ziwani, 150.

Ugali wa muhogo kwa sombe, yaani majani ya muhogo, unampa mpakiaji mikono miwili ya ziada. Dakika mbili za kwanza makombora yanakwenda mfululizo. Dakika ya tatu dereva anaanza kusinzia na kifaru kinateleza taratibu kuelekea upande wowote ambao ardhi imeinama.

Chai tuliijadili muda mrefu, kwa sababu wilaya yetu ina kiwanda cha Shagasha na kila mmoja ana ndugu aliyewahi kuchuma. Niliwaletea habari ya Centurion, kifaru cha Waingereza kilichotokea mwaka 1945 vita vikiisha Ulaya. Ndani yake kulikuwa na chombo cha umeme cha kuchemshia maji, ili askari wapate chai na chakula cha moto bila kutoka nje ya deraya, na tangu hapo vifaru vya Kiingereza vimeendelea kuwa nacho. Kwa hiyo chai ndani ya kifaru si mzaha wetu. Cha kwetu ni masharti: chai ya Shagasha, yenye maziwa na tangawizi, inamwongezea kamanda umbali wa kuona, lakini kifaru hakiruhusiwi kusogea mpaka kikombe cha mwisho kimalizike, maana barabara zetu zinapanda na kushuka na chai ni ya moto. Adui akipiga wakati huo, dereva anauliza kwanza kama kuna aliyemwagikiwa.

Tumelijaribu mara nyingi. Upande wenye chai hushindwa karibu kila mara, na bado vijana wanagombania kuwa upande huo.

3. Milima ina haki yake

Ramani nyingi za gemu zina kilima kimoja na uwanda mpana. Sisi tunajua kinyume chake. Uwanda tunaushukia Bugarama, kwenye mpunga. Kwa hiyo tunampenda Churchill, kifaru cha Waingereza chenye mwendo wa kobe na kucha za paka. Aprili 1943, nchini Tunisia, Churchill zilipanda Longstop Hill, mwinuko ambao watetezi wake hawakutarajia kifaru kufika.

Boresho letu la milima ni Wasukumaji. Kifaru kikianza kuhema, vijana wawili wanatokea pembeni na kukisukuma kutoka nyuma, jinsi wanavyosukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Kasi inaongezeka mara mbili. Katikati ya mlima wanasimama ili bei ijadiliwe upya.

4. Majini, kifaru kijifunze kwa wavuvi

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na kina chake kinapita mita 470. Kwenye gemu, kifaru kikiingia maji ya kina kinazama na mchezaji anatazama wenzake. Kijana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, hakuvumilia.

Nikamweleza kwamba watu walijaribu kweli. Tarehe 6 Juni 1944, Normandy, Sherman zilivalishwa sketi ya turubai ili zielee mpaka pwani. Ufukoni Omaha, kikosi kimoja cha Wamarekani kilishusha vifaru 29 mbali na nchi kavu, mawimbi yakiwa makubwa, na 27 vilizama. Alisikiliza, akafikiri, akasema tatizo ni kwamba kila kimoja kilikwenda peke yake. Mitumbwi ya sambaza haifanyi hivyo. Inafungwa mitatu mitatu pamoja, miti mirefu ikatokeza mbele na nyuma kushika wavu, na usiku taa zinawashwa ili samaki wapande.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa boresho la Mitatu. Vifaru vitatu vinafungwa ubavu kwa ubavu na kuelea. Mizinga inakuwa miti ya wavu. Faida: havizami, na vinavuka ziwa upande ambao hakuna anayelinda. Bei ni mbili. Ya kwanza, lazima taa ziwake, kwa hiyo mahali pa kujificha hakuna. Ya pili, wavuvi wa Kivu hupiga makasia kwa kuimba, basi wachezaji watatu lazima waimbe pamoja muda wote. Mmoja akikosea mapigo, vifaru vinazunguka palepale. Majirani walikuja kuuliza kama kibaraza kimekuwa kanisa.

Kanuni niliyoichukua hapo ni hii: mtu anayejua kazi moja halisi kwa undani hubuni vizuri kuliko anayejua gemu nyingi. Watoto wa wavuvi, wa mafundi seremala na wa wauza nguo ndio wenye kurasa bora.

5. Mtandao nao ni silaha

Rwanda haina bahari. Intaneti yetu inatoka kwenye nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, zilizofika Mombasa na Dar es Salaam kuanzia 2009, kisha inapanda nchi kavu mpaka kwetu. Kombora nililolipiga Kamembe linasafiri mbali kabla gemu haijakubali kwamba nimelipiga.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliandika Kombora la Subira. Mtandao ukikwama, kombora linasimama hewani. Kila mtu anaweza kulitazama, kulizunguka, hata kupita chini yake. Mtandao ukirudi linaendelea kuelekea pale pale lilipokuwa linakwenda. Anayelipiga hapotezi tena kombora, ndiyo faida. Bei: adui ana muda wa kutosha kukusukumia mwenzako chini yake.

6. Adui apewe nafasi ya kusema

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi nchi nzima inafanya umuganda: barabara zinafagiliwa, mitaro inazibuliwa, kisha watu wanakaa mkutano. Ndani ya gemu ukuta ukibomolewa unabaki umebomoka, hakuna anayeulizwa. Tukaingiza umuganda katika dakika ya tatu. Vifaru vyote kumi na vinne vinaacha kupigana, vinafukia mashimo na kuusimamisha ukuta. Nguvu za wote zinarudi kidogo.

Bei iko kwenye mkutano. Baada ya kazi kila mchezaji anaweza kusimama na kuleta lalamiko lake hadharani, na anayelalamikiwa anajibu kweli tupu. «Jirani, lile kombora la pembeni ya mti lilitoka wapi?» Nawe unasema ulipokuwa umejificha, na kwa nini. Pambano likirudi, hakuna siri iliyobaki. Katika yote tuliyojaribu, hakuna lililowanyamazisha wale wanaojificha vichakani pambano zima kama hili.

7. Mji uwe na watu

Himmelsdorf ni ramani ninayoijua kama mitaa ya Kamembe. Kuna nyumba, reli, kasri juu ya kilima. Mtu hayumo hata mmoja.

Aliyeligundua hilo ni msichana anayekuja kusubiri simu ya mama yake na asiyecheza sana. Aliuliza wenye nyumba wamekwenda wapi. Hapa petu si swali la kubuni. Bukavu, mji wa Kongo, iko ng'ambo ya mto, tunaiona taa kwa taa, na kila ukoo una watu pande zote mbili. Tunajua kwamba mji ukiingia vifaru haujawa mtupu. Watu wamo, wanapika, wanatafuta watoto. Naamini gemu inayochora mji kwa uangalifu ule, mpaka vigae vya paa, inawadai watu wake. Nilimwambia aliandike yeye mwenyewe.

Aliandika Mama Anapita. Mara moja katika kila pambano, saa isiyojulikana, mama mwenye beseni la sambaza kichwani anatoka kwenye kona na kuvuka barabara. Mizinga yote inajifunga, ya pande zote mbili. Hapigiki, hasukumwi. Kifaru kitakachojaribu kujikinga nyuma yake kinazimika injini mpaka mama afike kwake. Akisimama kuuza, anayetaka ananunua, na aliyenunua anapata faida ya sambaza pamoja na bei yake ya harufu.

Hakuna ukurasa uliopita haraka hivyo. Tumeuweka katika kila pambano la chumba cha mazoezi, na mmoja wetu hukaa nje ya mchezo kuwa mama: anatangaza «napita», na vidole vyote vinaondoka kwenye vioo.

Kilichobaki ni kugombania muda. Wachezaji wakali wanasema sekunde ishirini zinamtosha mtu kuvuka barabara. Msichana hakubali. Anasema mama aliyeuza hajamaliza mpaka amerudisha chenji, na kati ya vifaru kumi na vinne vilivyopanga foleni na noti za elfu tano, hakuna hata kimoja chenye sarafu.