Kipepeo Huyu ni Nani? Somo la Njiani Kwenda Morningside

Wana-SUA wengi tunapanda Morningside kwa ajili ya picha tu. Siku hizi mimi napanda na kikundi kidogo kila Jumamosi kutazama vipepeo. Unahitaji simu yenye kamera, kofia na maji. Usianze alfajiri, maana kipepeo hungoja jua limpashe misuli. Saa tatu mpaka saa sita ndiyo muda wake. Na kivuli chako kikimpitia, kaondoka.

Anza na yule wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi zenye mabaka meupe (wengine hawana hizo ncha, usichanganyikiwe). Kitaalamu ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu ile hubaki mwilini mpaka anapoota mabawa. Ndege akimwonja, anamtema. Ndiyo maana anaruka kwa maringo vile!

Sasa kuna mjanja: jike la Hypolimnas misippus. Hana sumu yoyote ila kavaa sare ileile. Hesabu madoa meusi kwenye bawa la nyuma. Danaus ana matatu au manne katikati. Mjanja ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Dume lake wala hafanani naye: ni mweusi, mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau.

Kwenye tope kando ya mto utakuta wadogo wa njano na weupe wamejazana. Wengi ni madume, wananyonya chumvi.

Penye milimao, tafuta kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege. Huyo ni kiwavi mchanga wa Papilio demodocus. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili zenye harufu kali. Tulikuwa tunampiga picha, mama mwenye shamba akatucheka: "Wanangu, huyo mimi namponda." Nikamwonyesha kipepeo wake kwenye simu. Akatazama sana. "Kumbe ndiye huyu? Mzuri. Lakini bado anakula milimao yangu."

Na kweli anakula. Darasani kwetu kiwavi ni adui, basi. Ila mti mkubwa wa mlimao humvumilia, mche ndio huumia. Tukakubaliana mama aikague miche yake kwa mkono, mti mkubwa auache bila dawa.

Sikumwambia kwamba vipepeo vitamtajirisha. Kule Amani, Usambara Mashariki, wanakijiji walifuga vipepeo na kuuza mabuu nje, mpaka mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai. Soko likafungwa, wakabaki na ujuzi wao.

Jumamosi hii tunaondoka saa mbili na nusu. Nitabeba ndizi zilizooza, maana Charaxes, wale wanene wenye mikia, hawaoni raha kwenye maua. Wewe njoo na maji yako.