Somo la Vijana: Lori la Mkebe kwa Kipimo cha Ishirini



Ni nani kati yetu hajawahi kuona mtoto akikimbiza gari la waya njiani, usukani mrefu mkononi, mdomo ukinguruma kama injini? Wengi wetu tuliyatengeneza wenyewe. Lakini magari yale yalikuwa ya kukisia tu. Kichwa kikubwa, bodi fupi, magurudumu yoyote yaliyopatikana.

Somo la leo ni hatua ya pili. Tutatengeneza gari dogo ambalo kila sehemu yake imepunguzwa kwa namba moja, ile ile, kutoka kwa gari halisi. Kuna watu wazima katika nchi nyingi ambao huifanya kazi hii jioni wakitoka kazini, miaka nenda miaka rudi, wala si kwa ajili ya watoto. Sisi tuliianza na vijana tisa, wavulana watano na wasichana wanne, Jumamosi mchana ukumbini. Na tulijifunza jambo ambalo hatukuwa tumelitafuta. Nitalifikia.

NAMBA MOJA TU

Walimu wa jiografia huiita skeli. Ukisema kipimo cha ishirini, maana yake ni kwamba gari halisi ni mara ishirini ya lile lako. Basi mita moja ya lori inakuwa sentimita 5 mezani. Hiyo tu. Ukiijua hiyo, umelijua somo lote.

Wanaonunua vifaa vya plastiki vya kuunganisha hukuta zaidi kipimo cha 24 au 25 kwa magari. Hicho cha 24 kilitoka kwa Waingereza na Wamarekani wenye kuhesabu kwa futi: futi moja inakuwa nusu inchi. Vile vigari vidogo vya chuma vya kutia mfukoni mara nyingi ni karibu 64. Lakini sisi tunapima kwa mita, na kugawanya kwa 24 kichwani ni kujitesa bure. Ishirini inatosha.

Asikudanganye mtu kwamba huu ni mchezo wa watoto. Huko Marekani, kuanzia 1930 mpaka 1968, kitengo cha Fisher Body cha kampuni ya General Motors kiliendesha shindano la vijana la kutengeneza vyombo vya mfano. Mwanzoni walipewa ramani ya gari la kifalme la kukokotwa na farasi, walitengeneze dogo bila kukosea. Baadaye, tangu 1937, wakaruhusiwa kubuni gari la kisasa kwa kipimo cha 12. Zawadi kubwa ilikuwa karo ya chuo kikuu. Kijana mmoja aliyeshinda mwaka wa 1947, Chuck Jordan, ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa ubunifu wa magari katika General Motors kutoka 1986 hadi 1992. Ila shindano lile lilikuwa la wavulana peke yao. Kwetu, aliyekunja bati vizuri kuliko wote ni msichana.

KUPIMA

Usianze na bati. Anza na futi kamba. Tulimwomba dereva mmoja wa lori la tani saba aturuhusu kupima akiwa amelala chini ya mti. Injini imezimwa, mawe yamewekwa kwa tairi. Kijana mmoja alishika kamba, mwingine aliandika. Haya ndiyo tuliyopata, na pembeni nimeweka kipimo cha mezani:

Urefu wote mita 7 (sentimita 35). Upana mita 2.2 (11). Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma mita 4.2 (21). Kipenyo cha tairi sentimita 90 (4.5). Paa la kichwa kutoka chini mita 2.6 (13). Bodi ya mzigo: urefu mita 5 (25), kimo cha mbao za kando sentimita 60 (3).

Kama una simu yenye kamera, piga picha lori likiwa ubavu. Simama mbali, usikaribie, kwa sababu ukikaribia sehemu ya katikati inaonekana nene kuliko miisho. Picha itakusaidia mahali ulikosahau kupima, na hakika utasahau mahali.

Kisha chora lori zima kwenye katoni, kwa ukubwa wa mezani, na ukate. Katoni hulipwi ukikosea.

WAYA NA BATI

Hapa lazima niseme jambo. Wiki ya pili kijana mmoja alileta waya nzuri sana, nene, mpya. Sote tukafurahi. Jumatatu tukasikia kwamba mzee jirani ameamka akakuta ng'ombe ndani ya mahindi, ua umekatwa. Tulienda watu wazima watatu kuomba msamaha, na kijana akarudisha waya na kuufunga ua mwenyewe. Tangu siku hiyo kila anayeleta waya huulizwa imetoka wapi. Vipande vya kutosha hupatikana kwa mafundi wa ujenzi, ukiomba kwa adabu. Nazo nyaya za umeme, hata zikiwa zimeanguka chini, usiziguse kabisa. Hiyo si waya ya mchezo.

Chesisi ni waya mbili nene za urefu wa sentimita 34, zimeunganishwa na vipande vitano vya kukingama kama ngazi. Funga kila kiungo kwa waya nyembamba, kaza kwa plaisi. Ekseli ni spoki ya baiskeli. Ipitishe ndani ya kipande cha kalamu ya biro iliyokwisha wino, halafu ufunge hicho kipande kwenye chesisi. Spoki itazunguka bila kukwaruza.

Bati la kichwa na bodi litoke kwa debe kuukuu lililosafishwa. Weka ile katoni juu yake, chora kwa msumari, kata kwa makasi ya bati. Makali ya bati yanakata kama wembe, kwa hivyo kila ukingo acha milimita 4 zaidi na uikunje ndani. Mmoja wetu alidharau, akashonwa nyuzi tatu kwenye kidole gumba. Rangi na petroli ya kuiyeyushia zikae nje penye hewa, mbali na jiko na taa. Ukitumia lehemu, nawa mikono kabla ya kula, maana ina risasi.

KOSA LETU LA MAGURUDUMU

Lori la kwanza lilipokamilika tulilitazama na kunyamaza. Kila kipimo kilikuwa sawa, lakini lilionekana kichekesho. Kosa liko wapi? Msichana mmoja akachukua kipande cha katoni akakata mtu wa kimo cha sentimita 8.5. Huyo ndiye mtu wa mita 1.7, ukizidisha kwa ishirini. Akamsimamisha kando ya gurudumu. Gurudumu likamfika kifuani!

Tulikuwa tumetumia vifuniko vya rangi ya viatu vya sentimita 7, kwa sababu vilikuwepo. Saba mara ishirini ni mita 1.4. Hakuna lori la tani saba lenye tairi kama hilo.

Tukakata mapya kutoka kwa patipati zilizochakaa, kipenyo sentimita 4.5, unene kama sentimita 1.2. Yasugue kwa msasa mpaka yawe mviringo. Mbele mawili, nyuma mawili mawili kila upande, jumla sita. Tangu hapo yule mtu wa katoni hatoki mezani. Tukishuku mlango au ngazi ya dereva, anasimamishwa hapo kwanza.

MZIGO

Sasa ndipo nilipotaka kufika. Lori lilipokamilika, wadogo wakataka kulibebesha mchanga. Wakajaza bodi mpaka ukingoni. Ekseli ya nyuma ikapinda.

Walitaka kutafuta spoki nene. Nikawaambia ngoja, tuhesabu. Ukipunguza urefu mara 20, upana mara 20 na kimo mara 20, basi mzigo umepungua mara 20 × 20 × 20, yaani 8,000. Watu wengi hukosea hapa, wakadhani uzito nao unagawanywa kwa ishirini. Lori letu halisi limeruhusiwa kubeba tani 7, kilo 7,000. Gawanya kwa 8,000: unapata kilo 0.875. Gramu 875, hata paketi ya kilo moja ya sukari haifiki.

Tukaumwaga ule mchanga kwenye mizani ya duka. Ulikuwa mkavu, na ulikuja kilo 1.3. Zidisha kwa 8,000. Kilo 10,400. Zaidi ya tani kumi!

Kulikuwa na kijana kati yetu ambaye ni tanboi wa lori la mchanga. Yeye hukaa juu ya mzigo kutoka mtoni hadi mjini, mteremko na kona zote. Alikuwa mcheshi kuliko wote. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa kama mchanga umelowa maji?" Nikamwambia unazidi kuwa mzito. Akasema wao hujaza mpaka mbao zisionekane, na mchanga hutoka mtoni ukichuruzika.

Akarudisha mchanga ndani ya bodi kidogo kidogo, akipima, mpaka gramu 875. Ulifika sentimita 2 kutoka sakafuni. Kwa lori halisi ni sentimita 40, katika mbao za 60. Akachora mstari kwa kalamu ndani ya bodi yetu. Jumamosi iliyofuata alitueleza kwamba amechora mwingine kwa chaki, sentimita 40, ndani ya lori analofanyia kazi, na kwamba dereva amemuuliza ni wa nini.

KAZI YA KIKUNDI

1. Pimeni gari moja mnaloliona kila siku, kwa ruhusa ya mwenyewe, na mlichore kwa kipimo cha ishirini. Je, tairi lina kipenyo gani mezani?

2. Jazeni bodi mliyotengeneza mahindi makavu mpaka ukingoni, kisha myapime na mzidishe kwa 8,000. Lori limezidi au bado? Kwa nini si sawa na mchanga?