Bolti Isiyopatikana Dukani: Namna ya Kuitambua Hesi Yake

Kagongwa ni mji wa biashara katika Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, kando ya barabara itokayo Isaka. Unajulikana hasa kwa mashine zake za kukoboa mpunga. Wakati wa mavuno mashine ikisimama kwa kukosa bolti moja, magunia hurundikana mlangoni na wakulima hungoja. Fundi hutumwa dukani, naye huweza kurudi na bolti inayofanana kabisa na ile iliyokatika, lakini isiyoingia.

Bolti ina vipimo viwili vinavyopasa kujulikana pamoja: kipenyo chake na hatua ya hesi yake. Hesi ni ule mkato unaoizunguka bolti. Hatua ni umbali kutoka jino moja la hesi hadi jino linalofuata. Mnunuzi anayetaja namba ya spana peke yake hajataja hata kimoja kati ya hivyo viwili, kwa kuwa spana hupima kichwa tu. Bolti ya milimita 8 kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 13, lakini katika magari ya Kijapani bolti ya kipenyo hicho hicho mara nyingi huwa na kichwa cha namba 12.

Tofauti za hesi zina historia yake. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi ya namna moja kwa viwanda vya nchi yake, yenye pembe ya digrii 55 na kupimwa kwa inchi. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers alipendekeza hesi ya digrii 60. Hesi ya metriki nayo ina digrii 60, ila hupimwa kwa milimita. Hivyo injini kuukuu ya Lister iliyotoka Uingereza yaweza kuwa na hesi za Whitworth, hali kinu inachokiendesha, kilichoundwa China, kina hesi za metriki.

Hatari kubwa imo katika vipimo vinavyokaribiana. Bolti ya Whitworth ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, na katika kila inchi ina meno 18, yaani hatua ya milimita 1.41. Bolti ya kawaida ya metriki ya milimita 8 ina hatua ya milimita 1.25. Jicho haliwezi kuona tofauti ya vipenyo hivyo. Lakini baada ya meno sita, hesi hizo mbili zimeachana kwa karibu milimita nzima. Bolti huzunguka mara moja au mbili kwa vidole, kisha hukaza. Fundi mwenye haraka huongeza nguvu ya spana akidhani amekutana na kutu, na meno ya tundu huliwa. Mtetemo wa mashine humalizia yaliyobaki.

Hatua hupimika kwa rula ya kawaida. Bolti husafishwa, hubingirishwa juu ya karatasi ikiwa na masizi, kisha hupimwa nafasi kumi za alama zake: milimita 12.5 maana yake ni hatua ya 1.25. Njia nyingine ni kuilaza sambamba na bolti inayojulikana na kuzitazama dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya kati ya meno, hatua si moja.

Mwenye duka halaumiki sana. Hata viwango vya kimataifa hutanguliza vipenyo vya milimita 6, 8, 10, 12 na 16, na kuvipa 14 na 18 nafasi ya pili. Kipimo adimu hutafutwa kwa wauza vipuri vya magari na matrekta, katika vyuma chakavu, au kwa fundi wa kereza.

Yote yakishindikana, tundu hubadilishwa. Tundu la inchi 5/16 hutobolewa kwa keekee ya milimita 8.5, ambayo huondoa hesi yote ya zamani, ndipo hukatwa hesi mpya ya milimita 10 yenye hatua ya 1.5. Kabla ya kutoboa sharti upimwe unene wa chuma kinachobaki pembeni, kwani chuma cha kalibu hupasuka bila kujikunja kwanza.