BAISKELI YA STIMA: KWANZA HESABU BETRI

Somo la vikundi. Lisomwe kwa sauti mkutanoni, kisha lijadiliwe.

Neno la kusoma pamoja: Luka 14:28–30

Vifaa: daftari la kikundi, kalamu, ubao au karatasi kubwa

KUSUDI LA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
(a) kueleza kwa nini baiskeli ya stima ina gharama mbili, moja ya kuonekana na moja ya kujificha;
(b) kupiga hesabu ya safari yake mwenyewe;
(c) kutunza betri ili idumu, na kuichaji bila kuhatarisha nyumba.

UTANGULIZI

Pengine kikundi chenu kimeshaletewa ombi la mkopo wa aina mpya, au kitaletewa karibuni. Mwanachama anafanya kazi mjini, kilomita 12 kutoka nyumbani. Kwa miguu ni karibu saa tatu kwenda tu. Nauli inakula mshahara. Sasa anataka baiskeli yenye mota na betri, ya kwenda kazini kila siku. Kamati ijibu nini?

Mwanachama atasema, "Kuichaji ni shilingi chache tu, mafuta hainywi." Ni kweli. Lakini si kweli yote. Vikundi vyetu vinajua habari ya pampu ya maji iliyoletwa kwa shangwe na ngoma, kisha ikanyamaza kwa sababu hakuna aliyeweka pesa ya kipuri. Baiskeli hii nayo ina kipuri kimoja kikubwa. Hicho ndicho kiini cha somo letu.

Katika Luka, Bwana Yesu anazungumza juu ya gharama ya kumfuata. Lakini mfano aliouchagua ni wa mjenzi wa kawaida, anayeketi kwanza na kuhesabu kama anazo pesa za kumaliza. Basi na sisi tuketi.

1. BAISKELI HII NI KITU GANI?

Ni baiskeli ya kawaida, yenye pedali na cheni, iliyoongezewa mota ndogo na betri. Ukikanyaga, mota inakusaidia. Nyingine zina kishikio cha kuongeza mwendo kama pikipiki. Uzito wake kwa kawaida ni kilo 20 hadi 30. Betri ikiisha njiani bado unaweza kukanyaga hadi nyumbani, ila utaona uzito.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mmarekani Ogden Bolton alipewa hati ya uvumbuzi wa baiskeli ya umeme mwaka 1895, na mota yake ilikuwa katika gurudumu la nyuma, kama nyingi za leo. Basi kwa nini babu zetu hawakuziona? Kwa muda mrefu kikwazo kikubwa kilikuwa betri. Betri za risasi ni nzito na zinachoka upesi. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi na zinabeba nguvu nyingi zaidi. Zilipoendelea kushuka bei, baiskeli hizi nazo zikaenea.

Kwa hiyo, tangu mwanzo habari ya baiskeli hii ni habari ya betri. Huko Busia, mpakani na Uganda, ndiko jina la bodaboda lilikoanzia miaka ya 1960, kwa baiskeli za kubeba watu kutoka mpaka hadi mpaka. Zile zilitaka miguu yenye nguvu na pampu ya upepo. Hii inataka pia daftari.

2. MIAKA MITATU YA KWENDA KAZINI

Mwaka wa kwanza ni wa furaha. Kilomita 12 unazimaliza kwa dakika 40 hivi. Mlima uliokuwa ukikushusha unaupanda umekaa. Unafika kazini bila jasho, na magoti hayalalamiki. Mama mwenye umri wa miaka 55 anaweza safari ambayo kwa baiskeli ya kawaida angeiacha. Faida hii ni kubwa, tusiidharau.

Mwaka wa pili vyuma vinaanza kudai. Baiskeli ni nzito na inakwenda kasi, kwa hiyo raba za breki, tairi na cheni huisha mapema. Spoku za gurudumu lenye mota hulegea na kukatika, hasa kwenye barabara ya mawe. Pancha ya gurudumu hilo inasumbua, kwa sababu mara nyingi lazima uchomoe waya wa mota kwanza na ufungue nati kubwa. Beba spana yake siku zote. Habari njema ni kwamba kazi nyingi za aina hii fundi wa baiskeli wa kawaida anaziweza.

Mwaka wa tatu ni wa betri. Haifi ghafla kama balbu. Inapungua polepole, kama mtungi ambao kila mwezi unaingia maji kidogo zaidi ya kopo pungufu. Zamani ulirudi nyumbani na chaji imebaki. Sasa inakuishia karibu na soko. Siku ya matope au upepo wa mbele inakuishia mbali zaidi. Hapo ndipo mtu asiyeweka akiba anaanza kulaumu baiskeli, na kamati inaanza kumtafuta mkopaji.

3. HESABU YENYEWE

Andikeni ubaoni. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Ninyi wekeni bei za kwenu.

Safari: kilomita 12 kwenda na 12 kurudi, jumla 24. Siku za kazi ni 25 kwa mwezi.

Betri: wati-saa 480. (Uniti moja ya stima ni wati-saa 1,000. Kwa hiyo betri hii ikijaa inabeba karibu nusu uniti.)

Matumizi: kwa njia ya vumbi yenye vilima, tuhesabu wati-saa 15 kwa kilomita, huku mwendeshaji akikanyaga. Mara 24 ni wati-saa 360. Hizo ni robo tatu za betri kila siku.

Stima: chaja nayo hupoteza kidogo kwa joto, basi tuseme nusu uniti kwa siku. Uniti ikiwa shilingi 30, ni shilingi 15.

Sasa gharama iliyojificha. Betri nyingi za lithiamu za baiskeli huvumilia kujazwa mara 500 hadi 1,000 kabla ya kubaki na nguvu kama asilimia 80 ya zile za upya. Sisi tuchukue mara 600. Mwanachama wetu anatumia robo tatu kwa siku, na robo tatu huhesabiwa robo tatu, si mara moja nzima. Kwa hiyo mara 600 zinampa siku 800 za kazi, yaani miezi 32.

Asilimia 80 ya 480 ni 384. Safari yake inataka 360. Mwaona? Imebaki nafasi ndogo sana. Karibu na mwezi wa 32 anahitaji betri nyingine.

Tuseme betri mpya ni shilingi 30,000. Gawanyeni kwa siku 800. Ni shilingi 37 na senti 50 kwa siku. Tuandike 40.

Tazameni ubao tena. Stima ni shilingi 15. Betri ni shilingi 40. Kile asichokiona kinamla zaidi ya mara mbili ya kile anachokiona! Betri ni kama mafuta ya miaka karibu mitatu uliyouziwa yote siku moja. Ukiyachoma bila kuweka ya kununua mengine, hujapata faida. Umekula mbegu.

4. JE, MKOPO UTALIPIKA?

Nauli aliyokuwa akilipa: shilingi 200 kwa siku
Toa stima: 15
Toa akiba ya betri: 40
Toa tairi, breki na fundi: 20
Inabaki: shilingi 125 kwa siku

Kwa siku 25 ni shilingi 3,125 kwa mwezi. Baiskeli ikiwa shilingi 90,000 na mkopo hauna riba, atamaliza kulipa katika miezi 29. Betri ni ya miezi 32. Deni linakwisha kabla ya betri kuchoka. Vizuri.

Lakini kikundi kikitoza riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, malipo yale yale yatachukua zaidi ya miezi 34. Sasa deni linaishi kuliko betri! Kama aliweka shilingi 40 kila siku, hakuna shida: kwa miezi 32 atakuwa na shilingi 32,000, atanunua betri na kuendelea kulipa. Kama hakuweka, atakuwa na deni, betri iliyochoka, na nauli ya kulipa upya, vyote kwa mwezi mmoja.

Fikirini pia mwanachama mwingine ambaye nauli yake ni shilingi 100 tu kwa siku, kwenda na kurudi. Akitoa 75 za stima, betri na fundi, anabaki na 25. Deni la 90,000 litamchukua miaka 12. Huyo asinunue. Mwambieni kwa upendo, na kama miguu inaweza, mkopesheni baiskeli ya kawaida.

Kanuni ya kukumbuka: mkopo ulipwe kabla betri haijachoka, na akiba ya betri ianze siku ile baiskeli inapoingia nyumbani. Mahali pazuri pa akiba hiyo ni kwa mweka hazina, katika ukurasa wake wa pekee, pamoja na malipo ya mkopo. Ikibaki mfukoni itaenda na sukari na karo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. KUTUNZA BETRI

Joto ni adui wa betri. Usiiache juani kazini wala chini ya mabati yanayowaka. Ukifika nyumbani na betri ni ya moto, ngoja ipoe ndipo uichaji.

Usiimalize kabisa kila siku. Ikijaa, chomoa chaja.

Ukienda safari ndefu au ukiugua, iache ikiwa na nusu hivi, mahali pa baridi na pakavu. Betri iliyoachwa tupu kwa miezi inaweza kufa kabisa.

Mvua ya njiani kwa kawaida haina neno. Kuvuka mto uliofurika, au kuosha mota na betri kwa maji ya nguvu, kuna hatari.

Na sola je? Paneli ya wati 100 kwa siku ya jua zuri inaweza kutoa nguvu za kutosha safari yetu. Lakini fikirini: mchana, jua likiwaka, baiskeli iko kazini! Kwa hiyo utahitaji betri nyingine ya kuhifadhi nyumbani, nayo ni gharama tena. Njia nyingine ni kumwomba mwajiri ruhusa ya kuchaji kazini, na kukubali kulipia uniti.

6. USALAMA WA NYUMBA

Hapa hakuna mchezo. Betri ya lithiamu ikiharibika inaweza kuwaka kwa nguvu sana, na ikizimwa inaweza kuwaka tena. Katika jiji la New York, Marekani, watu 18 walikufa mwaka 2023 kwa moto wa betri za aina hii.

— Tumia chaja iliyokuja na betri hiyo, si ya kuazima.
— Usichaji karibu na kitanda, wala mlangoni. Moto ukizuka, mlango ndio njia ya watoto kutoka.
— Usichaji mkiwa mmelala.
— Betri iliyovimba, iliyopasuka kwa kuanguka, iliyoingia maji au yenye harufu, isichajiwe tena. Itoe nje, mbali na nyumba, mpeleke habari kwa muuzaji.
— Asiifungue fundi asiye na ujuzi wa betri hizo, hata kama ni rafiki.

7. KAMATI IMUULIZE MUUZAJI

Betri ina wati-saa ngapi? Dhamana ni ya muda gani, nayo imeandikwa? Betri mpya peke yake ni bei gani leo, na itapatikana wapi? Nani anatengeneza mota hapa karibu? Betri mbovu mnaipokea? Muuzaji asiyeweza kutaja bei ya betri peke yake, msimpe pesa za kikundi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni kitu gani kilikufa kwa kukosa akiba ya kipuri? Nani alipaswa kuiweka?
2. Kila mmoja ahesabu safari yake ya kazini au sokoni. Nani hesabu yake inakubali? Nani haikubali?
3. Mkopaji akisema, "Mwezi huu nisamehewe akiba ya betri," kamati itajibuje?
4. Nyumbani kwako, utaichajia wapi?

KAZI YA MWEZI

Mwanachama anayetaka baiskeli hii aanze sasa, kabla ya kupewa mkopo, kumpa mweka hazina shilingi 40 kila siku ya kazi kwa miezi mitatu. Akiweza bila kusukumwa, kamati itakuwa imejua jambo ambalo fomu ya mkopo haionyeshi, naye atakuwa ameweka shilingi 3,000 kwa betri ambayo bado hajaichosha. Akishindwa, hajapoteza kitu. Pesa zake arudishiwe zote, na mazungumzo yaendelee kwa amani.

Bwana awape hekima katika kuhesabu, na safari njema za kwenda na kurudi.